Darubini ya jicho moja ya kuwindia: nina laki nane, niko Mwanza, nichukue ipi?

#1 Ngosha wa Igoma

Wakuu habari za jioni.

Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai na mwaka huu nimepata kambi, naenda kama mfuatilia nyayo. Tunaanza Maswa, baadaye kikosi kinahamia Moyowosi kumtafutia mgeni nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi. Mwindaji bingwa wetu ana darubini yake ya jicho moja kutoka Austria ambayo hata kuigusa haruhusu, na ameshatangaza kwamba kila anayepanda gari aje na macho yake.

Ya macho mawili ninayo, 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42), sina malalamiko nayo. Kazi iko pale mnapokuwa juu ya kilima, kundi la nyati liko bondeni kilomita moja na ushee, na inabidi muamue kama lile dume linastahili kufuatwa kwa miguu masaa matatu au mliache. Kwa 8 unaona nyati, basi. Huwezi kujua kama mashina ya pembe yameshakauka yakawa magumu, yaani dume kakomaa, au katikati bado pana manyoya.

Bajeti laki nane, stendi humo humo. Nilivyoviona mpaka sasa:

20-60x60 (inakuza kuanzia mara 20 hadi 60) mpya, dukani hapa mjini, laki mbili na nusu. Muuzaji anaapa ni ya Mjapani, boksi linasema jambo jingine.

Moja ya mtandaoni imeandikwa "50-150x", laki na themanini, usafiri bure.

Jamaa wa Kahama anauza ya 80 mtumba, laki sita, haina stendi.

Halafu kuna zenye shingo iliyopinda na zilizonyooka. Ipi inafaa porini? Naombeni mwongozo, elimu yangu mimi ni ya nyayo, siyo ya vioo.

#2 Furu Mkavu

Leseni ipo? Tusije tukakuelekeza hapa, kesho tukakuona kwenye taarifa ya habari umesimama katikati ya askari wa TAWA, Mamlaka ya wanyamapori.

#3 Ngosha wa Igoma

Hahaha mkuu. Kitalu ni cha kampuni, leseni ni ya mgeni, bunduki anabeba mwenye nayo. Mimi nasoma udongo na kuonyesha kidole.

#4 Mzee wa Nassa

Ngosha, ng'wanawane, hiyo ya 50-150 ifute kwenye orodha kabla hujaendelea kusoma.

Tuanze na hewa. Darubini inakuza nyati pamoja na hewa yote iliyopo kati yako na nyati. Maswa ikifika saa nne asubuhi ardhi imeshapata moto, hewa inaanza kucheza, na ukikuza mara 60 umekuza na huo mchezo. Wala huhitaji kwenda Maswa kuliona hilo. Toka nje saa sita mchana, elekeza darubini juu ya haya mawe yetu ya Mwanza yakiwa yameshachomwa na jua, utaona picha inaogelea. Mimi miaka yote ya kazi nimekaa kati ya mara 25 na 35. Zaidi ya hapo ni alfajiri, au mvua ikiwa imetoka kunyesha na hewa imetulia.

La pili ni ubora wa kioo, na hapa nitakuambia kwa nini una uzito kwenye kazi yako hasa. Nchi hii simba wa kuwindwa ni dume wa miaka 6 kwenda juu. Hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo mnatazama manyoya ya shingo, makovu, meno akipiga miayo, na pua. Watafiti wa simba wa Serengeti, akina Craig Packer, walitoa kazi yao mwaka 2004 wakaonyesha kwamba pua ya simba huanza na rangi ya waridi, kisha inajaa madoa meusi kadiri anavyozeeka, na ikishafika nusu nyeusi basi huyo ana miaka 5 au kaivuka. Sasa chukua darubini ya kioo duni. Kila panapokutana peusi na peupe inaweka utepe wa zambarau. Umekaa kwenye maficho, jua linashuka, unatazama pua yenye madoa madogo meusi na ya waridi, na kila doa limevaa utepe wake. Utamwambia nini mwindaji bingwa? Na yeye ndiye atakayejibu kwa Mamlaka ngozi na fuvu vikipelekwa kukaguliwa.

Kwa nyati ni hivyo hivyo. Madume ya kuhitajika hukaa kivulini mchana, kichwa cheusi ndani ya kivuli cheusi. Kinachokuonyesha shina la pembe pale ni kioo kinachotenganisha weusi na weusi. Namba iliyoandikwa ubavuni haisaidii kitu.

La tatu ni stendi. Ningekuwa na laki nane, laki mbili na nusu mpaka tatu zingekwenda kwenye stendi, na mtu asinibishie.

#5 Sato Kaanga

Mzee shikamoo, ila nakubishia.

Mtu akinunua 20-60 nani kamlazimisha kufika 60? Unakaa 25 siku nzima ukitaka, siku hewa ikitulia unapanda. Aliyenunua ya kuishia 36 siku hiyo anaangalia tu. Na laki tatu kwenye vyuma vya miguu mitatu? Hela ya kioo unaenda kununulia miguu? Mimi nina stendi ya elfu arobaini niliyochukua kwa wauza vifaa vya simu, inasimama vizuri tu.

Mkuu Ngosha, chukua hiyo ya laki mbili na nusu, chenji fanyia mambo mengine.

#6 Mzee wa Nassa

Marahaba. Inasimama vizuri sebuleni kwako, Sato. Ipeleke Luchelele jioni upepo ukitoka ziwani, weka 40, kisha utuandikie hapa ulichokiona.

Na hilo la kwamba hulazimishwi kupanda 60, sawa. Ila darubini ya bei ile ile inayojisifu kwa 60, hela yake imekwenda kwenye 60. Na wengi mnasahau upande wa chini. Ukianza na 20 eneo unaloliona tayari ni dogo, kundi likiwa vichakani unampoteza mnyama kila akipiga hatua tatu. Ukianza na 12 au 15 unamkamata haraka, ndipo unakuza.

#7 Fundi wa Vioo

Natengeneza kamera na darubini hapa mjini, niongeze kidogo kwa upande wa fundi.

Kuna hesabu moja ya darasa la nne inayomaliza ubishi mwingi. Chukua upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, gawa kwa mara za kukuza. Jibu ni upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma kuingia jichoni. 8x42 yako inakupa zaidi ya milimita 5, ndiyo maana alfajiri unaona vizuri nayo. 20-60x60 ikiwa kwenye 20 inakupa 3. Ikiwa kwenye 60 inakupa 1. Mboni ya jicho gizagiza inafunguka milimita 5 na zaidi, wewe unailisha 1. Picha inakuwa nyeusi na kila kijiuchafu kilichomo machoni mwako unakiona kinaelea. Hata ya 80 kwenye 60 inatoa 1.3 tu.

Nzohe anatoka kwenye mafunjo alfajiri na jioni, mwanga ukiwa ndio unaanza au unaisha. Wakati huo hakuna mtu anayetumia 60, awe na darubini ya bei gani.

Kuhusu hizo za "50-150x" na zile fupi za mkononi zinazoandikwa "40x60", zipime kwa rula, usimpe muuzaji nafasi ya kuongea. Ishike darubini mbali na uso, mkono umenyooka, elekeza mbele yake kwenye anga nyeupe (siyo kwenye jua jamani, utapofuka). Utaona kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya nyuma. Kipime kwa rula. Kisha pima lenzi ya mbele yenyewe, kioo tu bila pete ya plastiki. Gawa. Zilizofika mezani kwangu zimeandikwa 40x60, kioo cha mbele kina milimita 40, kiduara kina milimita 4 hadi 5. Maana yake inakuza mara 8 mpaka 10. Unayo tayari shingoni, tena bora.

Na kuna ukomo wa maumbile ambao hata mtengenezaji bora hawezi kuuruka. Lenzi ya milimita 60 kwa umbali wa kilomita 1 haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu zaidi ya takriban sentimita 1. Jicho zima linafikia ukomo huo ukiwa umekuza mara 30 na kitu. Ukiendelea mpaka 60 picha inakua, ila hakuna jipya ndani yake. Kinachokuja na hizo mara za ziada ni mtikisiko na giza.

Boksi la hiyo ya dukani limeandika nini kuhusu prizimu (kioo cha ndani kinachoigeuza picha ikae wima) na rangi za lenzi? Tafuta BaK-4, aina bora ya kioo cha prizimu, na maneno yanayosema lenzi zote zimepakwa tabaka nyingi pande zote. Kama ni BK7, ile ya chini yake, na "zimepakwa" basi, laki mbili na nusu ni nyingi.

#8 Ngosha wa Igoma

Fundi nimerudi dukani na rula, muuzaji kaniangalia kama nimekuja kupima shamba. Kioo cha mbele kweli ni 60. Boksi halisemi lolote kuhusu prizimu. Nimeelekeza kwenye kingo ya bati jipya la ghorofa la jirani, zambarau imejaa, hata sikuhitaji kuitafuta.

#9 Mama Korongo

Habari zenu. Mimi siwindi, naongoza wageni wanaokuja kutazama ndege wa porini, Saanane na Rubondo zaidi. Ila kazi ya kukaa nyuma ya kioo ni ile ile, tena sisi tunakaa muda mrefu kuliko nyinyi.

Kaka Ngosha, swali la shingo hamjalijibu. Yenye shingo iliyopinda nyuzi 45 ina faida hizi: unaisimamisha stendi chini, chini ni imara kuliko juu; watu wa vimo tofauti wanatazama bila kuishusha na kuipandisha; kitu kilicho juu ya mti unakiona bila kuvunjika shingo. Kasoro yake ni kulenga. Mtu mgeni nayo anahangaika, maana uso unatazama chini na mnyama yuko mbele. Iliyonyooka unalenga kama unavyonyoosha kidole, na kwenye dirisha la gari haina mpinzani.

Wewe utakuwa juu ya gari au kilimani unatazama chini bondeni, haraka haraka, kisha mnashuka kutembea. Wengi wangekuambia nyooka. Mimi nasema inategemea Moyowosi mtakaa wapi. Kama ni uchanja juu ya kinamasi, mmebanana watatu, shingo iliyopinda inamwezesha mgeni kutazama na wewe huku umekaa, hakuna anayesimama akatikisa uchanja. Nzohe jike hana pembe, dume anazo zilizosokotwa, lakini kichwa kinatokeza kwenye mafunjo sekunde chache tu. Kila sekunde ya kupishana ni hasara.

Anayevaa miwani aangalie nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma, isipungue milimita 15, la sivyo anaona kama anachungulia tundu la ufunguo.

Na uzito! Hakuna aliyeutaja. Ya milimita 80 au 85 ina kilo moja na nusu na kuendelea. Ongeza stendi ya kuistahimili. Utatembea nayo masaa matatu nyuma ya nyati? Kuna ndogo nzuri. Kowa TSN-501 ni 20-40x50, ina uzito wa gramu 400 tu na shingo yake imepinda. Vortex wana Crossfire HD ya 12-36x50. Celestron wana Hummingbird ya 9-27x56 yenye kioo cha ED, kile kinachopunguza ule utepe wa zambarau. Hizi zote hazijisifu kwa namba, na wageni wangu wanaojua kazi wanakuja nazo mfukoni mwa begi, ile kubwa wanaiacha hotelini.

#10 Sato Kaanga

Dada hizo bei zake zikoje lakini? Maana mnamtajia mtu wa laki nane vitu vya wazungu.

#11 Mtoto wa Geita

Nijibu la bei na uagizaji, ndiyo kazi yangu.

Za Ulaya kama Swarovski, Zeiss na Leica zile kubwa achana nazo, ni maelfu ya dola. Daraja la kati kama Vortex Diamondback HD ya 20-60x85 ni mamia ya dola, laki nane haifiki ukishaweka usafiri na kodi. Kuna Mchina, Svbony, mfano wake wa SV28 unapatikana chini ya dola 100 na ni mkweli kuliko hizo za 150x, ila hauna kioo cha ED. SV406P ndio una ED, na bei imepanda ipasavyo. Hizo ndogo alizotaja Mama Korongo ziko kwenye dola mia mbili na kitu mpaka mia tatu na kitu, inategemea na msimu wa punguzo.

Sasa sikilizeni hapa, wengi mnaumia. Bei ya mtandaoni siyo bei ya Mwanza. Kuna nauli, kuna ushuru, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yake, siyo juu ya bei uliyoiona. Kisha basi la kutoka Dar.

La muhimu zaidi kwa kifaa hiki ni maelezo kwenye ankara. Kwenye vitabu vya forodha darubini za kawaida zinakaa kichwa namba 9005. Darubini za kufunga juu ya silaha ziko 9013. Muuzaji akiandika kivivu kitu kinachosomeka kama cha bunduki, mzigo wako unawekwa pembeni unaanza kuulizwa maswali ya silaha, na wewe uko Igoma. Mwambie aandike kwamba ni darubini ya kutazamia ya stendi ya miguu mitatu. Nimeona mzigo wa mteja umekaa wiki kwa ajili ya neno moja.

Dhamana ya maisha ya kifaa inayotolewa na kiwanda nayo msiihesabu kama punguzo. Ni nzuri kama uko kwao. Ukiwa hapa, kuirudisha tu nauli inakula robo ya bei.

#12 Furu Mkavu

Kwa hiyo jibu ni mtumba.

#13 Fundi wa Vioo

Mtumba mzuri unaushinda mpya mbaya kila siku, ila hapa kwetu kuna adui anaitwa kuvu. Unyevu wa ziwa unaingia kwenye darubini ambayo mipira yake imechoka, kioo kinaota nyuzi nyuzi ndani kama utando. Ikishakula rangi ya lenzi haitoki.

Ngosha ukienda Kahama fanya hivi. Nenda na tochi kali. Washa tochi upande wa jicho, chungulia upande wa mbele kwa pembe, siyo moja kwa moja. Vumbi kidogo siyo tatizo, mikwaruzo midogo miwili mitatu lenzi ya mbele siyo tatizo. Nyuzi nyuzi au ukungu mweupe, geuka urudi. Zungusha pete ya kukuza mwanzo hadi mwisho na pete ya kulenga pia: iwe laini, isirukeruke. Kisha tazama kitu chenye maandishi madogo kwa ukuzaji wa chini, halafu wa juu. Kama unalenga, unapita mahali pazuri, unarudi, na hupati mahali ambapo herufi zinakaa, prizimu imesogea, pengine ilianguka. Na uulize kama imejazwa gesi ya naitrojeni. Iliyojazwa na bado haijavuja haitaota jasho ndani ukiitoa kwenye baridi ya alfajiri kuiingiza kwenye joto.

#14 Sato Kaanga

Nimekwenda Luchelele kama Mzee alivyoagiza. 20-60x60 yangu, stendi ya elfu arobaini.

Saa moja asubuhi, ziwa limetulia: nimelenga mitumbwi ng'ambo ya ghuba, kwenye 60 naona watu wanakunja nyavu, nikahesabu vichwa. Safi kabisa. Nimerudi saa tano na nusu: 60 ni uji mtupu, 40 ni hivyo hivyo, 25 nahesabu vichwa tena. Jioni upepo umetoka ziwani, stendi inatetemeka, kwenye 40 mtumbwi unaruka ruka, nikaning'iniza begi lenye mawe katikati ya stendi ikapungua.

Bado nasimama palepale: asubuhi ile 60 ilinifaa, na asiyekuwa nayo asingehesabu.

#15 Mzee wa Nassa

Asubuhi umelenga mitumbwi myeupe kwenye maji, jua nyuma yako. Nyati hakai hivyo. Lakini ripoti yako ni ya kweli, na hilo begi la mawe umefanya sawasawa.

Kwa Ngosha, stendi. Usitazame urefu wake, tazama inavyosimama ukiwa hujaivuta nguzo ya katikati. Nguzo ikipanda, darubini inasimama juu ya kijiti. Miguu minene, vifungo vya kubana siyo vya kuchezacheza, na ikae chini kiasi cha wewe kupiga magoti. Kichwa kiwe kile cha wapiga video wa harusi, chenye mkono mrefu na mafuta ndani, kinachogeuka polepole na kubaki ulipokiacha. Kile cha mpira mmoja kinachoinama pande zote waachie wapiga picha, kwa darubini kinaanguka pua chini kila ukilegeza. Wapiga video wa hapa mjini wanabadilisha vifaa kila mara, waulize, za zamani zao ni nzito na imara kuliko mpya za bei hiyo.

Ukiwa juu ya gari, dereva azime injini. Siyo apunguze, azime. Na abiria wasihame hame. Kuna vibano vya kufunga darubini kwenye kioo cha dirisha, vinasaidia kutazama. Kutazama tu lakini. Kupiga kutoka kwenye gari ni kosa, mnaona, mnashuka, mnatembea.

#16 Ngosha wa Igoma

Wabheja sana wote. Nimefika Kahama. Ya 80 ina nyuzi nyuzi ndani, nimeziona kwa tochi kama Fundi alivyosema. Mwenyewe anasema "ni vumbi, futa tu". Nimemshukuru nimeondoka.

Sasa niko hivi: ama niagize ndogo ya 50 nibaki na hela kidogo ya stendi, ama nisubiri.

#17 Mama Korongo

Kaka usiagize kwanza. Kuna mwenzetu kwenye kazi ya ndege anauza yake, 15-45x60, shingo imepinda, imejazwa gesi, BaK-4, haina ED. Anataka laki tano, ukiongea naye vizuri atashuka. Imekaa Mwanza miaka mingi lakini imekaa kwa mtu anayejua, ndani ya kopo linalofunga na vipakiti vya kufyonza unyevu. Nakutumia namba yake kwenye ujumbe binafsi.

Haina ED maana yake zambarau kidogo itakuwepo ukipita 35. Chini ya hapo sijaiona, na nimeitumia.

#18 Fundi wa Vioo

15-45x60: kwenye 15 unapata duara la milimita 4, kwenye 30 unapata 2. Kwa nzohe alfajiri na nyati kivulini hapo umefika. Ilete mezani kwangu kabla hujalipa, kuiangalia ni bure.

#19 Sato Kaanga

45 haifiki 60 😀

#20 Ngosha wa Igoma

Nimechukua, laki nne na sabini. Fundi kaipitisha. Stendi nimepata kwa mpiga video wa Nyakato, kichwa cha mafuta, laki mbili na thelathini, ina kutu kwenye skrubu moja tu. Jana tuliitoa uwanjani na kijana wangu, tukalenga mbuzi wa jirani waliokuwa kivulini mwa jiwe ng'ambo ya korongo. Kwenye 30 naona kamba shingoni, naona na fundo lake.

Swali la mwisho: pleti ya stendi ni ya kamera ya video, ina kijichuma cha ziada mbele ya skrubu kinachogonga mguu wa darubini, haikai sawa. Nikiikaza inasogea. Halafu vumbi la Maswa nafutaje?

#21 Fundi wa Vioo

Hicho kijichuma ni cha kuzuia kamera isizunguke, darubini nyingi hazina tundu lake. Kwenye pleti nyingi kinatoka, kisukume kwa chini au kifungue kwa bisibisi ndogo. Kama hakitoki niletee nikikate. Skrubu yenyewe ya robo inchi ndiyo hiyo hiyo, itaingia. Weka kipande chembamba cha mpira wa tairi ya baiskeli kati ya pleti na mguu wa darubini, haitazunguka tena.

Vumbi: pulizia kwanza kwa kipampu cha mpira, kile cha kusafishia masikio ya watoto kinatosha, darubini ikiwa imeinama mbele. Kisha brashi laini. Kitambaa ni mwisho kabisa, na kiwe cha miwani. Shati usiliguse, lina mchanga. Hewa ya mdomo nayo usipulizie, unatia mate. Ukirudi kutoka kwenye kinamasi iache wazi kivulini ikauke kabla hujaifunga kwenye mkoba, na mkoba wenyewe uanike.

#22 Mzee wa Nassa

Na mfunike lenzi ya mbele gari likitembea. Vumbi la gari lililo mbele yenu ndilo linalokwaruza, siyo la porini.

#23 Furu Mkavu

Ngosha, huyo mbuzi wa jirani umemtazama tu?